Marie Stopes, bibi aliyetaka wenye ndoa wasemezane

SIKU moja katika soko la Kakamega mama mmoja muuza ndizi aliniuliza huyu Maria Stopes ni mtakatifu wa kanisa gani. Jina alilisikia kwa wenzake waliokwenda zahanati kutaka ushauri wa kupanga uzazi, na kwa kuwa linaanza na Maria, yeye alidhani ni sista wa Kikatoliki wa zamani aliyewahurumia akina mama. Jirani yake, aliyekuwa akichambua mboga za mrenda, aliangua kicheko. Kwa ujuzi wake yeye, Stopes ni daktari wa Kizungu, tajiri, na yu hai huko Nairobi.

Wote wawili walikuwa mbali na ukweli. Bibi Marie Stopes hakuwa sista. Tena adui yake mkubwa mahakamani alikuwa daktari wa dini hiyo hiyo ya Kikatoliki. Hakuwa daktari wa kutibu watu pia, ingawa aliitwa Dokta, kwani udaktari wake ulikuwa wa elimu ya mimea ya kale iliyogeuka mawe. Kenya hakupata kuishi. Alifariki mwaka 1958, wakati Kenya ingali chini ya ukoloni.

Hata hivyo, swali la mama yule halikunitoka kichwani. Maana jambo ambalo Bibi Stopes alilipigania kwanza halikuwa dawa wala kifaa. Alitaka mume na mke waambiane wenyewe juu ya kitanda chao: nini kinampendeza huyu, nini kinamuudhi yule, wazae watoto wangapi na kwa nafasi gani. Na hilo, msomaji, katika nyumba nyingi za Kakamega na kwingineko, bado ni zito kuliko kumeza tembe.

Alizaliwa mjini Edinburgh, Scotland, tarehe 15 Oktoba 1880. Baba yake, Henry Stopes, alikuwa mhandisi wa viwanda vya pombe ambaye mapenzi yake makubwa yalikuwa kukusanya mawe ya kale. Mama yake, Charlotte, alikuwa mwanamke msomi, bingwa wa habari za Shakespeare na mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura. Katika nyumba hiyo vitabu havikukosekana. Lakini habari za mwili wa binadamu hazikutajwa, na binti alikua akijua majina ya mawe ya miaka mamilioni kuliko alivyojua mambo ya unyumba.

Masomo yalimwendea kama maji. Alipata shahada yake London mwaka 1902, akaenda Ujerumani akapata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Munich mwaka 1904, na mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kufundisha sayansi katika Chuo Kikuu cha Manchester. Alifika Japani kutafuta mimea ya kale. Uchunguzi wake juu ya makaa ya mawe ulikuwa wa maana sana, na majina aliyoyatoa mwaka 1919 kwa aina nne za sehemu za makaa hayo yaliendelea kutumiwa na wataalamu baada yake. Angeishia hapo, jina lake lingebaki katika vitabu vya wataalamu, na mama yule wa ndizi asingelisikia kamwe.

Kilichombadili ni ndoa. Mwaka 1911, mjini Montreal, Canada, aliolewa na Reginald Ruggles Gates, naye pia mtaalamu wa mimea. Bibi alikuwa na umri wa miaka 30, mwenye shahada za juu, aliyezunguka nusu ya dunia. Wakahamia London. Miezi ikapita, mwaka ukapita, wa pili ukapita, na bibi akaanza kuhisi kwamba kuna kitu hakipo katika ndoa yao, ila hakujua ni kitu gani. Kwa maelezo yake mwenyewe, ilimlazimu kwenda maktaba kubwa ya London kusoma vitabu vya madaktari ndipo akafahamu ya kuwa ndoa yake haikuwa imekamilika. Alikwenda mahakamani na cheti cha daktari kwamba yu bikira bado, na mwaka 1916 ndoa ikabatilishwa. Bwana Gates kwa upande wake hakukubali maelezo hayo, na waandishi wa baadaye wamebishana juu ya nani alisema kweli yote. Sisi hatuwezi kuingia chumbani mwao. Lakini jambo moja liko wazi: watu wawili wenye elimu ya juu kabisa walilala nyumba moja miaka, na hakuna aliyejua jinsi ya kumwambia mwenzake lililomsumbua.

Hapa nadhani wazee wetu wangecheka. Huku Magharibi binti wa Kiluhya aliyekuwa akienda kuolewa alifundishwa na senje, yaani shangazi yake, au na nyanya yake, kukhu. Mama mzazi hakuthubutu, na mbele ya wakwe mambo hayo yalikuwa mwiko mtupu. Kijana naye alipata yake kwa babu na kwa wenzake aliotahiriwa nao. Kwa hiyo hakuna aliyeingia ndoani gizani kama Dokta Stopes. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Kila mmoja aliingia na mafundisho yake mfukoni, na ilikuwa nadra waketi pamoja na kuyatoa. Bibi alifundishwa kustahimili, bwana alifundishwa kuamuru. Siku hizi senje anaishi Nairobi au Eldoret, kukhu amefariki, na simu ya mkononi ndiyo imekuwa mwalimu, tena mwalimu mwongo.

Stopes aliamua kwamba aibu iliyompata haitampata mwingine. Aliandika kitabu kidogo, Married Love, juu ya mapenzi ya ndani ya ndoa. Wachapishaji walikiogopa. Aliyemwokoa ni Humphrey Verdon Roe, tajiri aliyekuwa ameanzisha kiwanda cha ndege pamoja na nduguye. Bwana huyo alikuwa na hamu ya siku nyingi kuona akina mama maskini wanasaidiwa. Aliwahi kuiahidi hospitali moja ya Manchester fedha ili ifungue zahanati ya kupanga uzazi, nayo ikakataa. Alitoa pauni 200, kitabu kikatoka Machi 1918, na mwezi Mei mwaka huo huo mwenye fedha na mwandishi wakaoana.

Kitabu kiliuzwa nakala 2,000 katika wiki mbili, na hapo Vita Kuu ya Kwanza bado ilikuwa ikiendelea. Marekani ilikipiga marufuku mpaka mwaka 1931. Ukikisoma leo utashangaa woga huo ulitoka wapi, kwani lugha yake ni ya ua na mbingu na bahari, na katikati ya mashairi hayo ndipo mafundisho yalipofichwa. Mafundisho yenyewe ni haya. Mwanamke naye ana ashiki, wala si dhambi wala ugonjwa. Ashiki hiyo ina nyakati zake, hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Mume asidhani kuwa cheti cha ndoa kimempa ruhusa ya kumwendea mkewe wakati wowote kama mtu anayefungua ghala lake. Ambembeleze kila mara upya kama alivyofanya wakati wa uchumba. Na akimaliza haja yake akageuka kulala, ajue kwamba huenda amemwacha mwenzake macho usiku kucha, na asubuhi asishangae bibi akiwa mkali.

Juu ya nyakati hizo Stopes alichora hata michoro, kwamba ashiki ya mwanamke hupanda mara mbili kila mwezi. Wataalamu wa leo hawakubali kwamba wanawake wote wamefungwa na kanuni moja namna hiyo. Lakini alikuwa miongoni mwa wa kwanza katika vitabu vya watu wa kawaida wa Uingereza kumwambia mume aulize, na kumwambia mke kwamba anayo ruhusa ya kujibu.

Barua zikaanza kumiminika. Hizi, kwa maoni yangu, ndizo zinazotufundisha zaidi kuliko kitabu chenyewe. Waliandika wanajeshi, wachungaji wa kanisa, makarani, wake wa wachimba makaa. Wanawake wengine walitaka kujua kama kuona raha ni uasherati. Wengine walikuwa wamezaa mara nane au kumi, daktari amewaonya kwamba mimba nyingine ni mauti, na daktari huyo huyo hakuwaambia waizuie vipi. Kwa wengi wa hao njia ya pekee ilikuwa kumkimbia bwana, kusubiri mpaka alale ndipo waingie kitandani. Wanaume nao waliandika kwa wingi ambao hata mwenyewe hakuutazamia. Wengi hawakuwa wakatili hata kidogo. Walikuwa na hofu. Walimpenda mke, walimwona akichoka, na hawakujua waanzeje mazungumzo bila kumwaibisha au kuonekana wamejifunza mambo hayo kwa malaya.

Kwa ajili ya watu hao alitoa kitabu cha pili mwaka 1918, Wise Parenthood, juu ya njia zenyewe za kuzuia mimba. Na tarehe 17 Machi 1921 yeye na Bwana Roe walifungua zahanati katika nyumba ndogo mtaa wa Holloway, kaskazini mwa London. Ilikuwa ya kwanza ya namna yake nchini Uingereza. Mashauri yalikuwa bure, na waliohudumu walikuwa wakunga na wauguzi wanawake, pamoja na daktari mwanamke aliyekuja kwa zamu. Stopes alijua kuwa mama maskini atamweleza mkunga jambo ambalo hatalitamka mbele ya daktari mwanamume.

Kifaa alichokipenda kilikuwa kifuniko kidogo cha mpira ambacho mwanamke hukiweka mwenyewe mlangoni mwa tumbo la uzazi. Sababu yake moja ilikuwa kwamba kifaa hicho kiko mikononi mwa mke. Mume akisahau, akilewa, au asipotaka, mke amejikinga. Msomaji aliyewahi kuzungumza na wauguzi wa Kenya atatambua jambo hili mara moja. Sindano ya miezi mitatu inapendwa sana huku kwetu, na miongoni mwa wanaoichoma wamo akina mama ambao bwana nyumbani hana habari. Anadhani Mungu hajapenda. Bibi anabeba siri, na kila hedhi ikichelewa au damu ikizidi hana wa kumweleza.

Ajabu ni kwamba mtu aliyetaka wenye ndoa waambiane yote, kwa kupendekeza kifaa hicho alikuwa pia amempa mke njia ya kunyamaza. Simlaumu. Mwanamke anayejua kuwa akilitaja jambo hilo atapigwa hawezi kungojea bwana aelimike.

Vita vilikuja upesi. Daktari Halliday Sutherland, Mkatoliki, aliandika mwaka 1922 akimshutumu kwamba anafanya majaribio juu ya maskini. Stopes akamshtaki kwa kumvunjia heshima. Mwaka 1923 alishindwa, akakata rufani akashinda, na mwaka 1924 akashindwa tena mbele ya majaji wa juu kabisa. Fedha zilipotea, lakini magazeti yalikuwa yamelitangaza jina lake bure mpaka vijijini, na foleni zahanati ikawa ndefu kuliko kwanza. Baadaye alikuwa na zahanati za magurudumu, magari ya kukokotwa yaliyozunguka mikoani, na moja lilichomwa moto na mpinzani.

Makanisa yenyewe yaligawanyika. Mwaka 1930 maaskofu wa Anglikana waliokutana Lambeth, London, walikubali kwa masharti kwamba wenye ndoa wanaweza kutumia njia za kuzuia mimba. Kabla mwaka huo haujaisha Papa Pius wa 11 akatoa waraka wa kukataza. Mgawanyiko huo mtu anaukuta Kakamega hata leo. Jimbo la Anglikana la Maseno Kaskazini lina makao yake mjini humo, na jimbo Katoliki la Kakamega lipo tangu 1978. Mume na mke waliooana kutoka makanisa mawili wanajikuta wakijadili kitandani jambo ambalo Lambeth na Roma hazikupatana.

Sasa tufike kwenye makosa yake, kwani yalikuwa makubwa. Kosa la kwanza ni la elimu. Stopes hakuipenda mipira ya kondomu. Aliamini kwamba mwili wa mwanamke hunufaika kwa kupokea maji ya mwanamume, na kwa hiyo mpira unamdhulumu. Sayansi haikumuunga mkono. Ni kweli kwamba mwaka 1921 aliandika kitabu juu ya magonjwa ya zinaa, kwa hiyo hatari aliijua. Lakini tangu Ukimwi ulipoingia Kenya miaka ya 1980, kifuniko alichokisifu hakiwezi kumkinga mtu na virusi, na mpira alioudharau unaweza. Mazungumzo ya leo kati ya mtu na mpenzi wake yana swali ambalo yeye hakulifundisha vya kutosha: twende tukapimwe wote wawili? Na mke aliyeolewa miaka kumi akimwambia mumewe avae mpira, bwana huuliza anashukiwa nini, au bibi ametoka wapi. Kitabu chake hakina jibu la hapo.

Kosa la pili ni la moyo, na halina udhuru wa ujinga. Stopes alikuwa mfuasi wa ile elimu ya kuchuja uzazi wa binadamu, iliyodai kwamba baadhi ya watu wana damu bora na wengine ni takataka. Alitaka sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu wale aliowaona dhaifu wa akili au wa mwili. Kifuniko chake cha mpira alikipa jina la kutukuza taifa na mbari. Mwaka 1935 alihudhuria mkutano wa mambo ya idadi ya watu mjini Berlin chini ya utawala wa Hitler, na mwaka 1939, wiki chache kabla ya vita, alimpelekea Hitler kitabu cha mashairi yake ya mapenzi. Mwafrika anayesoma haya ana haki ya kuweka gazeti chini na kujiuliza kama bibi huyu angemhesabu yeye upande gani.

Mwanawe wa pekee aliyeishi, Harry, alizaliwa mwaka 1924. Wa kwanza alizaliwa mfu mwaka 1919, na mama aligombana na madaktari kwa kuwa walimkataza kujifungua akiwa amepiga magoti. Harry alipotaka kumwoa Mary, binti wa mhandisi maarufu Barnes Wallis, mama alikataa katakata. Sababu? Binti alivaa miwani. Kwa mawazo ya Stopes, macho mabovu yangeharibu ukoo. Harry alioa hata hivyo, mwaka 1948, na mama akamnyima sehemu kubwa ya urithi.

Na bwana Humphrey je? Hapa ndipo mtu anapoona huruma. Katika nyumba ya mwalimu wa mazungumzo ya ndoa, mazungumzo yalikuwa ya upande mmoja. Bibi alikuwa mkali, mwenye kujisifu, asiyependa kupingwa. Bwana alipoteza fedha zake, nguvu zake zikapungua, na mwaka 1938 aliandika barua ya kumruhusu mkewe kutafuta wapenzi wengine. Ruhusa hiyo ya maandishi ni kitu cha kusikitisha. Ni kama hati ya kukabidhi shamba. Mwenye kutunga kanuni kwamba mume amsikilize mke hakuandika kwa nguvu ile ile kwamba mke naye amsikilize mume. Roe alifariki mwaka 1949.

Stopes mwenyewe alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 2 Oktoba 1958, nyumbani kwake karibu na Dorking, kusini mwa London. Majivu yake yalimwagwa baharini kama alivyotaka. Zahanati yake ya London ilidhoofika mpaka ikafilisika, na mwaka 1976 ikachukuliwa na daktari Tim Black na wenzake, ambao walianzisha shirika lililobeba jina lake nchi nyingi. Kenya lilifika mwaka 1985. Mwaka 2020 shirika hilo la London liliacha jina la Marie Stopes likajiita MSI, kwa ajili ya yale mawazo yake ya kuchuja watu. Wengi hapa nchini bado wanalitaja kwa jina la zamani. Jambo moja la kushangaza ni kwamba Stopes aliipinga hadharani utoaji wa mimba. Kwa hiyo mwaka 2018, wakuu wa madaktari wa Kenya walipolizuia shirika kwa majuma kadhaa lisitoe huduma hiyo, ugomvi haukumhusu marehemu.

Wakati shirika linafika Kenya, serikali ilikuwa na mpango wake wa uzazi tangu 1967, mpango wa kitaifa wa mwanzo kabisa Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 1978 mwanamke wa Kenya alihesabiwa kuzaa watoto wanane kwa wastani. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Tembe, sindano na vijiti vya mkononi vilifanya kazi yao. Lakini ni mazungumzo mangapi yaliyofanyika katika nyumba hizo, na ni mangapi yaliyokwepwa, uchunguzi hauwezi kuyahesabu yote.

Barua zile za wasomaji wa Stopes zimehifadhiwa katika maktaba za London, maelfu kwa maelfu. Nilirudi sokoni nikamweleza mama wa ndizi habari hizi kwa kifupi, pamoja na ubaya wa bibi huyo. Habari za miwani zilimuudhi sana. Kisha aliniuliza kama kitabu kile cha 1918 kinapatikana kwa Kiswahili. Nikamwambia mimi sijapata kukiona. Alisikitika, kwani hakuwa na nia ya kukisoma yeye. Alitaka kukiacha mezani, karibu na redio, mahali ambapo bwana huketi jioni akingojea taarifa ya habari.